Picha ya Tangazo Lako Itoke Shambani Mwako



Mnunuzi wa zamani alikuja mwenyewe nyumbani kwako. Alitia mkono ndani ya gunia, akachota punje, akazitazama kiganjani, akang'ata moja asikie kama imekauka, ndipo akataja bei. Huyo bado yuko, na huja na lori lake wakati wa mavuno. Lakini siku hizi yuko mnunuzi wa pili. Yeye yuko Kisumu, au Kisii, au Nairobi, wala hawezi kutia mkono katika gunia lako. Anachokiona ni picha katika simu yake. Basi picha hiyo ndiyo punje uliyomwekea kiganjani.

Leo nataka kusema neno juu ya picha hiyo, maana nimeona wakulima wengi wakiichagua vibaya, kisha wakilalamika kwamba mtandao umewanyima haki. Shauri langu ni moja, na nitalirudia mpaka mwisho: picha ya tangazo lako iwe ya kitu chako mwenyewe, kilichopigwa shambani mwako, kama kilivyo. Ukishika neno hili peke yake, utakuwa umetimiza sehemu kubwa ya sheria za mitandao, na sheria za nchi pia, na mnunuzi atakurudia mwaka ujao.

Kwa nini jambo hili ni letu

Labda mzee mmoja atauliza, "Mambo ya Facebook yanatuhusu nini sisi wa jembe?" Yanatuhusu sana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini chema kilichofichwa ndani ya bonde hakijiuzi. Hukaa ghalani mpaka wadudu wakile, au mpaka ada ya shule imlazimishe mwenyewe kukiuza kwa gorogoro, kwa bei anayoitaka dalali.

Tena bonde letu lina jina lililotangulia mbele yetu. Wazee waliopewa mashamba hapa katika mpango wa makazi walikuta pori na mbung'o, na kwa miaka mingi watu wa mbali walipolisikia jina la Lambwe walifikiri malale. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Hiyo ni habari kubwa, lakini mnunuzi wa mbali huenda hakuisikia. Picha nzuri ya shamba la mahindi au ya njugu zilizoanikwa, yenye jina la Lambwe chini yake, humwambia kwamba hapa pana watu wanaolima na kuvuna.

Basi tuseme kikundi cha wakulima ishirini kimechanga fedha kulipia tangazo la njugu. Kijana wao hana picha, kwa hiyo hutafuta katika intaneti, akapata picha ya njugu zinazong'aa zilizopigwa katika nchi nyingine, akaiweka. Yako mambo mawili yanayoweza kutokea. La kwanza, mtandao unaikataa picha, na siku za soko zinapita. La pili ni baya zaidi: mtandao unaikubali. Mnunuzi anasafiri, anapita Homa Bay, anaingia barabara ya vumbi, anafika, anafungua gunia, na hakioni alichokiona katika simu. Njugu za kikundi huenda ni nzuri, lakini siyo zile. Mtu huyo atarudi na lori tupu, na habari ataisambaza kwa wenzake. Fedha za tangazo zimepotea, na jina la kikundi limekwenda nazo.

Jinsi picha inavyokaguliwa

Yafaa ujue jambo hili kabla ya kulipa. Unapoweka tangazo la kulipia katika Facebook au Instagram, ambazo zote ni mali ya kampuni ya Meta, halionekani kwa watu papo hapo. Kwanza hukaguliwa, na kwa kawaida ukaguzi huisha ndani ya saa 24, ingawa mara nyingine huchukua muda zaidi. Mkaguzi wa kwanza si mtu bali ni mashine. Hutazama picha, husoma maneno yaliyoandikwa juu ya picha, na pia ukurasa ambao tangazo linampeleka mnunuzi. Kama vitu hivi havipatani, tangazo linaweza kukataliwa.

Mashine haina akili ya mtu. Katika mwezi wa Oktoba 2020 duka moja la mbegu la Kanada, katika mji wa St. John's, lilitangaza mbegu za vitunguu. Picha ilikuwa ya vitunguu vikubwa vya mviringo vilivyopangwa katika kikapu. Mashine ya Facebook ilivitazama ikadhani ni mwili wa mtu aliye uchi, ikalikataa tangazo kwa kosa la aibu! Wenye duka walicheka, lakini hawakuishia kucheka. Walilalamika, tangazo likatazamwa upya, na Facebook ikaomba radhi na kulirudisha.

Hadithi hii ina mafundisho mawili. Moja, kukataliwa si hukumu ya mwisho. Mbili, mtu aliyeweka picha ya kitu chake mwenyewe ana la kujitetea. Yule aliyechukua picha ya mwingine atasema nini?

Picha zisizokubaliwa

Sheria za mitandao ni nyingi na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kijana wa kikundi azisome upya kila msimu. Nitataja zile zinazomgusa mkulima.

Kwanza, picha ya mwingine. Kuiona picha katika intaneti si kupewa. Picha ina mwenyewe, kama vile ng'ombe aliyesimama kando ya barabara ana mwenyewe. Mitandao huikataa picha inayovunja haki ya mtu, na Kenya nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inayomlinda mpiga picha. Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawaliwazi, nalo ni magunia. Ukipiga picha ya mahindi yaliyo ndani ya gunia la mbolea lenye jina la kampuni, umetumia jina la kampuni hiyo katika tangazo lako bila idhini. Tena mnunuzi akiona mahindi ya kula ndani ya gunia la mbolea, atasemaje? Tumia gunia safi lisilo na maandishi.

Pili, alama ya ubora ya KEBS. Wako wanaoichukua alama hiyo na kuibandika juu ya picha ya asali au ya siagi ya njugu ili ipendeze. Alama ile hutolewa kwa kibali. Kama kikundi chenu hakina kibali, kuitumia ni kosa mbele ya sheria.

Tatu, picha za damu na za kutisha. Mtu anauza nyama, anapiga picha mbuzi akichinjwa, akidhani anaonyesha kwamba nyama ni mbichi. Mtandao huikataa. Onyesha nyama iliyokatwa vizuri, juu ya meza safi, bila damu wala kichwa.

Nne, picha za uponyaji. Asali ya bonde hili ni nzuri, na haihitaji uongo. Picha mbili za mtu, mmoja amekonda na wa pili amenawiri, eti kabla na baada ya kula asali, ni za aina ambayo mitandao huzikataa katika matangazo ya afya. Pia hukataa maneno yanayomnyooshea msomaji kidole, kama vile, "Wewe mgonjwa wa kisukari, njoo." Sema ni asali, taja uzito na bei, onyesha chupa. Inatosha.

Tano, tumbaku. Ndugu zetu wa Migori wanalijua zao hili kwa miaka mingi. Lakini Meta haikubali matangazo ya tumbaku, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imeyakataza nchini. Usipoteze fedha zako. Mwaka 2022 ulianza huko Migori mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali, wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Picha ya maharagwe hayo hupita bila shida.

Sita, wanyama wa pori. Sisi ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyotengwa mwaka 1966, na humo ndimo wamebaki korongo wachache sana, ambao hawapatikani kwingine nchini. Picha ya nyama ya porini, ya ngozi au ya pembe, ikiwa na bei, haitakuletea kukataliwa na mtandao tu. Iko Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu yake ni kali.

Saba, picha ya hila. Kuna wanaochora kitufe cha kuchezesha video juu ya picha ya kawaida ili mtu abonyeze. Sheria za Meta zinakataza jambo hilo. Wengine siku hizi huiagiza akili mnemba iwatungie picha ya nyanya kubwa kama boga. TikTok hutaka picha ya namna hiyo, ikifanana na kitu halisi, iandikwe wazi kwamba imetungwa na mashine. Lakini mimi nasema hivi: hata ukiandika, kwa nini uonyeshe nyanya ambayo hukuilima? Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni hila kudai kwamba bidhaa ina ubora ambao haina, na picha nayo ni neno.

Picha za watu, hasa watoto

Hapa nataka tukae kidogo. Mara nyingi picha inayopendeza kuliko zote ni ya mtu: mama anapepeta njugu, mtoto amebeba suke la mahindi na kucheka. Hapana ubaya kuitaka picha hiyo. Lakini uso wa mtu ni mali yake.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Sheria hiyo inasema habari za mtu, na picha yake ikiwamo, zisitumiwe kwa biashara bila yeye kukubali waziwazi. Kwa mtoto, ni lazima mzazi au mlezi akubali. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ambazo wengi walizisikia. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mahali pamoja pa starehe Nairobi palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya mahindi hayo. Kisha mwulize mama kabla ya kumpiga picha. Mwambie itakwenda wapi na kwa kazi gani. Akikubali, aandike jina na sahihi katika daftari la kikundi, au atie kidole. Akikataa, piga picha ya mikono yake na ungo, uso usionekane. Kwa mtoto wa jirani, nenda kwa mzazi wake, na kama hukumpata, mwache mtoto aende zake akacheze.

Na ng'ombe je?

Najua swali hili linakuja, maana katika bonde hili utajiri wa nyumba nyingi una kwato. Hapa sheria inatuumiza, nami sitaificha. Katika uwanja wa kuuzia wa Facebook, yaani Marketplace, hairuhusiwi kuweka mnyama wa kuuza. Si mbwa, si paka, si mbuzi, si ng'ombe. Naona kwamba sheria hii haikutungwa na mtu aliyewahi kulipa ada ya shule kwa kuuza fahali. Mfugaji wetu si mchuuzi wa wanyama wa kuchezea, na kumweka kapu moja nao si haki. Vyama vya ushirika vina sauti, na ningependa kuona viongozi wetu wakiwaandikia wenye mtandao na kuwaeleza jambo hili kwa adabu na kwa uthabiti.

Lakini mpaka sheria ibadilike, itiini. Wako wanaojaribu kuizunguka: huweka picha ya ng'ombe wakaandika "meza", au huandika bei ya shilingi 1. Mashine huwakamata, na wakirudia hufungiwa akaunti. Akaunti ikifungwa, njugu na asali na alizeti zilizokuwa humo zinafungwa pamoja nayo, na kikundi kizima kinalipa kosa la mtu mmoja. Ng'ombe wako mpeleke mnadani kama kawaida, kwa kibali cha kusafirisha mifugo, mahali ambapo mnunuzi atamshika nundu na kumtazama meno. Katika mtandao weka picha ya nyasi zilizofungwa marobota, ya samadi iliyokauka, au ya trei za mayai.

Jinsi ya kupiga picha iliyo nzuri

Huhitaji kamera ya gharama. Simu ya kijana wako yatosha. Fanya hivi.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Jambo hili ni dogo, lakini picha nyingi zenye ukungu hutokana na mafuta ya vidole.

Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa nyuma yako, lisiwe nyuma ya mazao. Saa sita mchana vivuli huwa vikali, na rangi ya punje hupotea.

Tandaza mazao juu ya turubai safi. Weka kando yake kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama vile gorogoro au kiganja cha mkono, ili mnunuzi apime kwa macho.

Usichague punje kumi nzuri peke yake. Chota kutoka katikati ya gunia, na kama ziko zilizovunjika chache, zionekane. Mnunuzi mzoefu akiona kasoro ndogo huamini yaliyobaki.

Usijaze maandishi juu ya picha. Zamani Facebook ilikuwa na kipimo, kwamba maneno yasizidi asilimia 20 ya picha. Iliacha kipimo hicho mwaka 2020, lakini shauri lake bado ni zuri, maana mtu mwenye simu ndogo hawezi kusoma msururu wa maneno. Bei, uzito na mahali uliko, viandike chini, nje ya picha.

Na yako mambo ambayo picha haiwezi kuyasema. Haiwezi kuonyesha unyevu. Mahindi ya kuuza yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, maana yakizidi huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumu ya aflatoksini, ambayo njugu nazo huipata. Pima kwanza, kisha uandike kipimo hicho chini ya picha. Picha nzuri ya mahindi mabichi ni mtego, na atakayenaswa si mnunuzi peke yake.

Ukikataliwa

Usikasirike, wala usifungue akaunti nyingine usiku huohuo ili uweke picha ileile. Soma sababu uliyopewa. Kama kosa ni lako, badilisha picha. Kama huoni kosa, omba ukaguzi wa pili; nafasi hiyo imewekwa palepale katika akaunti ya matangazo. Wakumbuke watu wa vitunguu. Na picha yako ya asili usiifute katika simu, maana ndiyo shahidi wako kwamba uliipiga mwenyewe.

Neno la mwisho

Nimewasikia watu wakisema kwamba sheria hizi ni za wazungu na ni za kutuzuia. Ukiitoa ile ya mifugo, ambayo nimesema haitufai, mimi naona nyingi ni zilezile ambazo mtu mwaminifu alizifuata sokoni kabla ya simu kuzaliwa. Usiuze kwa jina la mwingine. Usiweke punje nzuri juu na mbovu chini. Usimtangaze mtoto wa mwenzako bila kumwambia. Usidai kwamba asali yako inaponya kila ugonjwa. Haya yalikuwa sheria katika soko la Sindo na la Mbita, na aliyeyavunja alijulikana kijiji kizima.

Tofauti ni kwamba soko la sasa ni kubwa, na jina lililoharibika humo halisafishwi kwa kuomba radhi siku ya mkutano. Basi kabla ya kubonyeza, itazame picha uliyoichagua na ujiulize swali moja: mtu huyu akija kesho na lori lake, je, nitamwonyesha kitu hikihiki? Kama jibu ni ndiyo, weka tangazo. Kama jibu ni siyo, chukua simu, toka nje, jua bado lipo, kapige nyingine.